Nimeletewa hadubini, lakini kila mdudu naona kivuli cheusi. Nakosea wapi?

Mwalimu_Kibosho · Jumatatu, saa 2:20 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Kibosho, juu ya Moshi mjini. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 31, sasa nimestaafu, niko kihambani, shamba letu la nyumbani, na migomba yangu, kahawa mistari michache na wajukuu wawili. Miaka yote hiyo 31 hadubini nilikuwa naichora ubaoni kwa chaki. Watoto wanaichora kwenye madaftari, wanaandika majina ya sehemu zake, mtihani ukija wanapata alama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa, na mimi mwalimu wao sikuwahi kuigusa.

Krismasi hii kijana wangu wa mwisho alipopanda nyumbani alikuja nayo kwenye boksi la sabuni, imeviringishwa kitenge. Kaipata kwa maabara moja ya mtu binafsi iliyokuwa inafunga kazi. Ni ya chuma, nzito, ya jicho moja, ina taa chini ya meza yake na lenzi nne za kuzungusha zilizoandikwa 4, 10, 40 na 100. Ile ya juu unapoweka jicho imeandikwa 10x. Usiku ule ule nilimenya ngozi nyembamba ya kitunguu, nikadondoshea tone la maji, nikaona seli zimepangana kama matofali. Niliita nyumba nzima. Machozi yalinitoka, nawaambia ukweli, maana kile nilichokuwa nachora kipo, na kiko vile vile.

Tatizo limeanzia kwa wadudu. Mjukuu wangu wa darasa la nne aliokota tunda la kahawa lililokaukia chini ya mbuni, lina kitundu kama limechomwa sindano. Tulipolipasua akatoka mdudu mweusi, mdogo kama punje ya ulezi. Nikamweka kwenye kioo, nikaanza na lenzi ya 4: weusi ti, pembeni vinywele vinang'aa, basi. Nikaenda ya 10, weusi ukajaa duara zima. Nikaenda ya 40, nikawa nazungusha nikitafuta picha, nikasikia kitu kimekwaruza. Mdudu kasagika, lenzi imechafuka.

Siku ya pili nikaweka nzi, siku ya tatu siafu, mambo yale yale. Je, taa imechoka? Nitafute balbu kali zaidi? Kijana anasema tutafute hadubini ya kukuza mara 2000. Mimi nataka wajukuu wamwone yule mdudu usoni, na nataka kumjua anayetoboa kahawa yangu. Naombeni msaada.

Dogo_wa_Pasua · Jumatatu, saa 2:41 usiku

Shikamoo mwalimu. Hadubini yako nzima kabisa, usiipeleke kwa fundi. Zima taa ya chini, rudi lenzi ya 4, mmulike mdudu kwa tochi ya simu kutokea juu, kwa ubavuni kidogo. Jaribu sasa hivi uje utuambie.

Maabara_Sakina · Jumatatu, saa 3:35 usiku

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa Pasua amesema kweli tupu. Mimi naongeza sababu, kwa vile wewe ni mwalimu na najua utaitaka.

Nafanya kazi ya maabara hapa Arusha, mwaka wa 14 huu. Kazini naangalia damu, mkojo na choo. Wadudu ni mapenzi yangu mwenyewe, nikisharudi nyumbani Sakina. Hadubini uliyonayo ni ndugu na ile ya kazini kwangu. Imetengenezwa kwa vitu ambavyo mwanga unapenya: damu iliyopakwa nyembamba, ngozi ya kitunguu. Taa iko chini, mwanga unapita ndani ya kitu, unaingia kwenye lenzi. Sasa mdudu mzima amevaa gamba gumu mwili wote, na ndani amejaa nyama. Mwanga ukimfikia tumboni unaishia hapo hapo. Unachokiona ni kivuli, kama mtu aliyesimama mlangoni jua likiwa mgongoni kwake: umbo unaliona, sura huioni. Ukiongeza balbu ya chini ndiyo unazidi kumtia weusi. Mwanga lazima umpige kutokea upande ulipo wewe.

Kuhusu kukuza. Lenzi ya 4 mara 10 ya jicho ni mara 40, na kwa mdudu mzima hiyo inatosha, tena sana. Kwenye hadubini nyingi za aina hii, lenzi ya 4 inakupa duara la kama milimita 4 na nusu kutoka ukingo hadi ukingo. Mdudu wako wa punje ya ulezi anaenea humo na nafasi inabaki. Ukienda ya 10 duara linashuka hadi karibu milimita 1.8, kwa hiyo unapata kichwa peke yake au mgongo peke yake. Ukienda ya 40 duara ni chini ya nusu milimita, na kioo cha lenzi kinakaribia kitu hadi nafasi isiyofika milimita moja. Mdudu mwenye kiwiliwili hapiti hapo, ndiyo ule mkwaruzo uliousikia. Futa lenzi kwa pamba safi yenye spiriti kidogo sana, zungusha taratibu bila kukandamiza, halafu ya 40 na ya 100 usizirudie kwa mdudu mzima.

Tochi ya simu peke yake itakusumbua, nakwambia mapema. Gamba la mdudu linang'aa kama bati jipya saa sita mchana, utaona madoa meupe makali na katikati giza. Chukua kikombe cheupe cha plastiki cha mtindi, kikate kibaki kifupi, toboa kitako chake tundu la kupitisha lenzi, kisha mfunike mdudu kama kuku kwenye tenga. Tochi mbili zimulike kikombe kwa nje, moja kila upande. Mwanga unaingia umetawanyika kama siku ya mawingu mepesi, ndipo rangi zinajitokeza. Mdudu mweusi umwekee karatasi ya kijivu au ya rangi ya maziwa chini yake, mdudu mweupe umwekee nyeusi. Na usimlaze hivi hivi kwenye kioo, atabingirika. Finyanga nta ya nyuki kidogo kama punje ya mtama, mbandike kwa tumbo, umgeuze unavyotaka.

Utagundua kitu kingine: mgongo ukiwa wazi, miguu ina ukungu, ukiipata miguu, mgongo unapotea. Si ubovu. Lenzi inaona tabaka jembamba tu kwa wakati mmoja. Mkono usitoke kwenye nobu ndogo ya kuweka picha sawa, uwe unapanda na kushuka nayo polepole, akili yenyewe itaunganisha. Wanaopiga picha hupiga nyingi, kila moja tabaka lake, kisha programu ya kompyuta inachukua sehemu kali za kila picha na kuziweka pamoja.

Halafu mwalimu, usiidharau ile taa ya chini. Iache kwa ajili ya viungo. Mimi nilinasia kwenye bawa la nyuki. Nilimkuta amekufa dirishani, nikamng'oa mabawa mawili ya upande mmoja, la mbele na la nyuma, nikayaweka kwenye tone la maji na kioo chembamba juu. Bawa ni jembamba, mwanga unapita, kwa hiyo hadubini yetu hii inalifurahia. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma nikakuta ndoano. Ndoano kweli, zimejikunja, zimejipanga mstari mmoja, kama ishirini hivi. Na bawa la mbele lina mkunjo ukingoni, mahali pa kuzidakia. Nyuki akitaka kuruka anafunga mabawa yake mawili yawe moja, akitua anayafungua. Nilikaa pale hadi chai ikapoa. Nimekulia kwenye mizinga ya babu yangu Usa River, nimeumwa na nyuki tangu mtoto, na sikujua.

Anza na huyo. Lenzi ya 10, taa ya chini, na kile kitundu cha mwanga chini ya meza ukifumbe kidogo ili mistari ya bawa isipauke.

Duka_Kijenge · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Mama mwalimu, mimi natengeneza simu hapa Kijenge. Kuna zile ndogo za kuchomeka kwenye simu au kompyuta, imeandikwa 1600x, zina taa zake nane kuzunguka lenzi. Unaishika mkononi, wajukuu wote wanaona kwenye kioo kwa pamoja, hamna cha kugombania jicho. Natumia kukagulia saketi kila siku. Kwa wadudu itakufaa kuliko hiyo ya chuma.

Maabara_Sakina · Jumatatu, saa 4:22 usiku

Kaka wa Kijenge, kwa watoto kuona pamoja nakubaliana nawe, na taa zake ziko juu kama zinavyotakiwa. Ila hiyo 1600x mwalimu asiitegemee. Namba hiyo inahesabu ukubwa wa kioo cha kompyuta. Picha inatanuliwa, lakini hakuna kipya kinachoonekana ndani yake.

Na hadubini yoyote ya mwanga ina mpaka wake. Ernst Abbe, Mjerumani, alieleza mwaka 1873 kwamba mwanga ni mawimbi, na vitu viwili vikikaribiana kuliko kama nusu ya urefu wa wimbi, lenzi haiwezi kuvitenganisha. Ni kama milimita 0.0002. Ndiyo maana hizi zetu zinaishia kukuza mara 1000 hivi, na hapo unahitaji mafuta kati ya lenzi na kioo. Kwa hiyo ile ya mara 2000 anayoitaka kijana wako, mwalimu, usimpe hela. Hela ikipatikana tafuteni ya macho mawili ya kukuza mara 10 hadi 40. Mikono yako inaingia chini yake na pini na kibano, na mdudu ukimsukuma kulia anakwenda kulia. Kwenye uliyonayo anakwenda kushoto, utakuwa umeshaliona hilo.

Dada_Mabogini · Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Kaka wa Sakina amekupa bawa, mimi nakupa mdudu mzima wa kutazama kwa taa ya chini, tena akiwa hai: kiluwiluwi wa mbu.

Huyu hana gamba la kuzuia mwanga, mwili wake unapitisha. Chota maji kwenye ndoo iliyosahaulika nyuma ya nyumba au kwenye jaluba, kwa bakuli jeupe ili umwone. Kabla hata ya hadubini mtazame anavyokaa. Akilala juu ya maji kama kijiti kinachoelea, sambamba na uso wa maji, huyo ni Anofelesi, ukoo wa mbu wa malaria. Akining'inia kichwa chini na mrija wa kupumulia umegusa juu, huyo ni Kuleksi au Aedesi. Watoto wa hapa kwetu wanawatofautisha kwa macho kuliko watu wazima.

Kisha mvute kwa dropa au mrija wa soda, mdondoshee kwenye slaidi. Zungushia mafuta ya kujipaka mazito pembeni ya tone kama ukuta mdogo, ndipo uweke kioo chembamba juu, asibanwe. Lenzi ya 4. Utaona mirija miwili ya hewa inateremka mwili mzima kama nyaya mbili. Katikati yake, upande wa mgongo, utaona kitu kinajikunja na kukunjuka, kinajikunja na kukunjuka. Huo ni moyo wake, nao ni mrija mrefu. Tumboni utaona chakula kinasukumwa, na mdomoni brashi mbili zinachota maji bila kupumzika. Nilimwonyesha mama mmoja ambaye kila siku ananiambia maji ya ndoo yake ni safi. Hakusema kitu. Alikwenda akaimwaga.

Ukimaliza mwaga kwenye udongo mkavu kabisa, usirudishe kwenye maji.

Kwa mbu mkubwa tazama usoni. Jike wa Anofelesi pembeni ya mrija wa kunyonyea ana vipapasio viwili virefu karibu sawa na mrija wenyewe, utadhani ana mirija mitatu. Jike wa Kuleksi vyake ni vifupi mno. Dume wa aina hizi zote ana papasi, zile pembe mbili za kichwani, zenye manyoya mengi kama unyoya wa kuku, naye hanyonyi damu.

Mwalimu_Kibosho · Alhamisi, saa 1:15 usiku

Marahaba wanangu wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye.

Kikombe cha mtindi nimekata viwili, cha kwanza tundu lilikuwa dogo. Taa ya chini nimezima. Tochi moja ni ya simu yangu, nyingine ya mjukuu mkubwa, wa kidato cha pili, naye alishikilia bila kutikisika kwa nusu saa, jambo ambalo kwake ni kubwa.

Mdudu si mweusi. Siku zote nimesema mweusi. Ni kahawia iliyoiva, rangi ya kahawa iliyotoka kwenye kikaango. Mgongoni ana vinywele vifupi vya dhahabu vimesimama kwa mistari kutoka mabegani hadi mkiani, vimepangwa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Ukimtazama kwa juu kichwa hakionekani, kimefichwa chini ya kifua, na kifua chenyewe kimetokeza mbele kama kofia ya askari. Kwenye ukingo wa mbele wa kofia kuna vijino vidogo. Mdogo wa darasa la nne ndiye aliyeviona kwanza. Akaniambia, "Bibi, ana meno kwenye paji la uso." Nikatazama, kweli. Tulipomgeuza na nta tukaona papasi zimekunjwa kama kiwiko, mwishoni zina rungu.

Nikampasulia tunda lingine chini ya kikombe. Ndani ya punje kuna njia zimechimbwa, unga umejaa, na humo wamelala funza wawili weupe, hawana miguu, vichwa vyao rangi ya chai ya maziwa. Mmoja alikuwa anatafuna. Tulimwona anatafuna! Nimepalilia kahawa hii tangu nilipoolewa hapa mwaka 1984, nimeuza, nimelalamika kwamba uzito umepungua, na huyu alikuwa ndani muda wote.

Leo asubuhi tumeokota matunda makavu 60 chini ya mibuni 12. Yenye kitundu ni 23. Kitundu kiko karibu kila mara kwenye kitovu cha tunda, kule lilikokuwa ua, si upande wa kikonyo. Nauliza sasa kwa anayejua kahawa: ni nani huyu, na nifanye nini?

Bawa la nyuki nimeliona pia. Ndoano nimehesabu 19. Kiluwiluwi tumepanga Jumapili baada ya misa.

Shamba_Machame · Alhamisi, saa 2:30 usiku

Pole na hongera mwalimu. Maelezo yako ni kamili kiasi kwamba sihitaji picha. Huyo ni ruhuka, mtoboa matunda ya kahawa. Wataalamu wanamwita Hypothenemus hampei. Kitundu kwenye kitovu, kichwa kilichofichwa, vijino mbele, funza wasio na miguu ndani ya punje, vyote vinamtaja yeye.

Nimekuwa bwana shamba miaka mingi na nakwambia asilimia kubwa ya wakulima wanaopoteza kilo kwa huyu hawajawahi kumwona. Wanaona kitundu wanasema ni jua.

Anayetoboa ni jike. Anaingia, anataga ndani, watoto wanakula punje ile ile. Dume ni mdogo kuliko jike na haruki. Anazaliwa ndani ya tunda na anafia humo, kazi yake ni kuwapanda dada zake waliozaliwa naye. Sasa tafakari maana yake: kila jike anayetoka kwenye kile kitundu ameshapandwa. Hahitaji kutafuta dume nje. Anahitaji tunda lingine tu. Na msimu wa kahawa ukiisha, matunda mabichi hakuna, anakwenda wapi? Haendi popote. Wanajazana kwenye yale yaliyobaki mtini na yaliyoanguka chini, wanasubiri matunda mapya yakomae. Katika tunda moja kavu unaweza kukuta wengi mno, pasua utaona.

Kwa hiyo Januari hii ndiyo wakati wako. Yaliyobaki juu yachume yote, hata lile moja la kileleni. Ya chini okota yote. Usiyarundike pembeni ya shamba wala kuyatupa chini ya migomba, watatoka huko huko. Yachemshe kwenye sufuria kuukuu, ndipo uyapeleke kwenye mboji. Punguza matawi yaliyosongamana. Dawa ya kupulizia ikipigwa na yeye yuko ndani ya punje haimfikii. Na ongea na jirani zako wa juu na wa chini ya mfongo, mfereji wetu wa maji, nao waokote, maana jike anaruka mpaka na hajui kihamba ni cha nani.

Asili yake ni huku kwetu Afrika. Amesafiri na biashara ya kahawa, Kolombia aliingia mwaka 1988, Hawaii akagundulika 2010. Kule nako mojawapo ya silaha zao kubwa ni hiyo hiyo ya kuokota.

Weka watano sita kwenye kichupa cha spiriti, andika tarehe na Kibosho, uwapeleke TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu wakuthibitishie. Si mbali na kwako.

Mwalimu_Kibosho · Alhamisi, saa 3:05 usiku

Mwanangu wa Machame, asante. Nimesoma kwa sauti, wajukuu wamekaa hapa. Hilo la kwamba kila anayetoka kwenye kitundu ni mama tayari limewanyamazisha.

Nimepasua moja kama ulivyosema, lililokaukia mtini. Nimehesabu wakubwa 14 halafu nikaacha, wengine walikuwa wanakimbia mezani. Na kati yao wapo wawili wadogo, wafupi, wa rangi nyepesi, wanatembea hawatafuti kuruka. Nadhani ndio madume. Nimewatenga kwenye kichupa chao.

Jumamosi tunaokota mistari miwili ya juu. Jirani yangu wa chini nimempitishia mkono wa ndizi leo jioni, na nimemwomba aje aangalie kwenye hadubini kabla sijamwambia lolote kuhusu kuokota.

Dogo_wa_Pasua · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Mwalimu, ukitaka picha ya kumwonyesha jirani, bandika simu kwenye lenzi ya jicho. Kata kiini cha karatasi ya chooni, kizungushe kwenye lenzi kiwe kama mfereji mfupi, kamera iegemee juu yake. Ukishika kwa mkono mtupu duara litakuwa linakukimbia. Na picha piga kwa kuhesabu sekunde mbili, usibonyeze moja kwa moja, simu inatikisika.

Maabara_Sakina · Ijumaa, saa 12:30 asubuhi

Mwalimu, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ndoano 19 ni hesabu nzuri, nyuki hawalingani.

Jambo moja kabla sijaingia kazini. Huko Kibosho masika ikianza kunakuwa na ukungu na unyevu wiki nzima. Unyevu ukikaa kwenye lenzi, kuvu anaota juu ya kioo chenyewe, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na akishakula ule mpako wa lenzi haurudi. Nimeona hadubini nzuri imekufa hivyo ikiwa imefunikwa vizuri na kitambaa. Usiifungie kwenye kabati la giza. Itafutie boksi linalofunga, weka ndani vile vipakiti vidogo vyenye punje za kunyonya maji vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Mwezi wa tatu usifike hujavipata.

Mwalimu_Kibosho · Ijumaa, saa 1:10 asubuhi

Viwili ninavyo, vilikuja na viatu vya shule vya huyu mdogo mwezi huu. Alivihifadhi mwenyewe, hakuniambia kwa nini. Vingine nitaomba madukani nikishuka mjini Jumatatu.

Kwa Jumamosi ameshaomba apewe kopo lake peke yake, asichanganye na la kaka yake. Anataka ahesabu yenye vitundu mbuni kwa mbuni.